Kamera ya Mkononi na Mahali pa Lugha katika Filamu za Wanafunzi: Kazi za 1968 na Mpaka wa Malaba

Mjadala kuhusu filamu katika Afrika Mashariki, kila unapofikia suala la lugha, aghalabu huishia kwenye swali moja: wahusika wazungumze lugha gani? Swali hilo ni la haki, lakini lina upungufu. Linachukulia kwamba lugha hutiwa katika filamu baada ya kazi nyingine zote kukamilika, kama chumvi inavyotiwa katika mchuzi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba uwezekano wenyewe wa lugha kusikika katika filamu umetegemea jambo ambalo wanaisimu hawana desturi ya kulijali, nalo ni mahali alipokaa mwenye kamera: kama amesimama mbali nyuma ya stendi ya miguu mitatu, au ameketi miongoni mwa wazungumzaji, kamera imelala begani mwake.

Mfano utakaotumiwa ni wa filamu zilizopigwa mashariki na kaskazini-mashariki ya Uganda mwaka 1968 na kikundi kidogo kilichotoka katika mafunzo ya filamu ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Filamu hizo zimejadiliwa na wanaanthropolojia zaidi kuliko wanaisimu. Hapa zinatazamwa kutoka Kocholia, katika eneo la Wateso wa Kenya linalopakana na mji wa mpakani wa Malaba na, kusini zaidi, Busia. Sababu ya kuchagua mahali hapo ni ya kiisimu, na inafaa ielezwe kwanza.

Mpaka na jamaa zake

Wateso wa upande wa Kenya ni sehemu ya Wateso wa kusini, ambao wametenganishwa na Wateso wa kaskazini mwa Uganda ya mashariki na jamii za Kibantu zilizo kati yao. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuwa Kenya, na tangu mipaka ya baadaye ilipopimwa na kuthibitishwa, watu wa ukoo mmoja wamejikuta raia wa nchi mbili. Historia hiyo ilichunguzwa na Ivan Karp katika kitabu chake kuhusu mabadiliko miongoni mwa Wateso wa Kenya, kilichotoka mwaka 1978.

Lugha yao, Kiteso, ni ya tawi la Kiniloti cha Mashariki. Katika tawi hilo imo jamaa ya karibu iitwayo Ateker, yenye Kikarimojong, Kijie, Kiturkana na nyingine. Rainer Vossen, katika utafiti wake wa mwaka 1982, alipanga uhusiano wa lugha za tawi hilo lote kwa kulinganisha sauti na msamiati. Kwa msomaji asiye mtaalamu wa Kiniloti, mfano mmoja unatosha. Wajie hujiita Ngijie, Waturkana hujiita Ngiturkana, ilhali Wateso hujiita Iteso. Maji ni ngakipi kwa Waturkana na Wakarimojong, na akipi kwa Wateso. Konsonanti ya mwanzo wa kiambishi iliyobaki kaskazini imetoweka kusini. Mzungumzaji wa Kiteso akiyasikia maneno kama hayo huweza kuyatambua, japo mazungumzo ya haraka yanaweza kumpotea.

Upande wa kaskazini na mashariki wa Wateso wako Wabukusu, na ng'ambo ya mpaka, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wako Wagisu. Kibukusu na Kigisu ni lugha za Kibantu zilizo karibu mno. Juu zaidi mlimani wako Wasebei wa Uganda na Wasabaot wa Kenya, wenye lugha za jamaa ya Kikalenjin. Kwa hiyo mtu anayeishi baina ya Kocholia na Malaba amezungukwa na lugha ambazo kila moja ina ndugu ng'ambo ya pili. Filamu za 1968 zilipigwa kwa Wajie na kwa Wagisu, yaani katika lugha mbili ambazo jamaa zake husikika katika masoko ya mpakani. Mtazamaji wa eneo hilo hayuko katika hali sawa na mtazamaji wa London au Los Angeles, kwa kuwa sikio lake hushika mengine ambayo tafsiri iliyoandikwa imeyaacha.

Kamera isiyotikisika

Uzito wa mabadiliko ya 1968 hauwezi kupimwa bila kukumbuka kilichotangulia. Baina ya 1935 na 1937 kulikuwa na jaribio lililojulikana kwa Kiingereza kama Bantu Educational Kinema Experiment, ambalo makao yake yalikuwa Vugiri, katika vilima vya Usambara, Tanganyika. Liliongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, chini ya udhamini wa Baraza la Kimataifa la Misheni na kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Filamu 35 zilitengenezwa kuhusu kilimo, afya, akiba ya posta na hata hadithi za wanyama, zikazungushwa kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda na makoloni ya kusini. Sauti haikuwa katika ukanda wa filamu. Ilirekodiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine kadhaa, kisha ikapigwa sambamba na picha. Jambo hilo linastahili kuzingatiwa na wanaisimu. Lugha ilikuwa kitu cha kubadilishwa, kwani sahani ya Kiswahili ikiondolewa na nyingine kuwekwa, picha hubaki ileile. Vinywa vinavyoonekana vikitikisika havikuwa na uhusiano wowote na maneno yanayosikika.

Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa London mwaka 1939 na kudumu hadi 1955, kiliendeleza utaratibu huo. Mkuu wake, William Sellers, alikuwa ofisa wa afya Nigeria kabla ya hapo, na alitoka huko na nadharia kamili kuhusu macho ya Waafrika. Alidai kwamba mtazamaji asiyesoma huchanganyikiwa na picha inayosogea: kamera ikigeuzwa upande, ataona miti inakimbia, ikiinuliwa kutazama jengo, ataona jengo linazama ardhini. Kwa hiyo wapigapicha waliagizwa waitulize kamera, wairefushe kila picha, wafuate mfuatano sahili wa matukio na waepuke hila zote za kuunganisha. Wakati wa vita maofisa waliokuwa makoloni walipelekewa kamera za milimita 16 pamoja na filamu mbichi, wakapiga picha na kuzirudisha London zikasafishwe na kuhaririwa huko.

Nadharia ya Sellers haikuwa na msingi, na hilo halikusubiri uhuru ili lijulikane. Utafiti wa Peter Morton-Williams uliofanywa vijijini Nigeria mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa ajili ya kitengo hichohicho, ulionyesha kwamba watazamaji walielewa au walishindwa kuelewa kwa kadiri mambo yanayoonyeshwa yalivyohusiana na maisha yao. Lakini amri inapokwisha kuwa mazoea haiondoki kwa ripoti moja. Kamera iliyotulia iliendelea kuwa alama ya filamu safi, na mtikisiko wowote ukahesabiwa kuwa ushamba wa mpigapicha.

Katika filamu za kitengo hicho, nyingi zikiwa hazina sauti, maneno yalitoka kwa mfasiri aliyesimama kando ya gari la sinema akiwa na kipaza sauti, akisoma au akikumbuka maelezo yaliyotafsiriwa. Yumkini huyo ndiye mtu wa kuvutia zaidi katika historia nzima ya filamu za wakoloni, na inasikitisha kwamba maneno yake yalipotea hewani. London ingeweza kuhakikisha kila inchi ya picha, isiweze kuhakikisha sentensi moja ya mfasiri. Mrithi wake hajatoweka. Wasimuliaji wa vibanda vya video wa Uganda, na DJ Afro kwa upande wa Kenya, wanaofunika filamu za kigeni kwa maelezo yao ya Kiganda au Kiswahili, wanafanya kazi ya namna ileile, tofauti kubwa ikiwa kwamba sasa hakuna ofisa anayewapa maelezo ya kusoma. Filamu za Isaac Nabwana za Wakaliga, Kampala, ambazo ni za gharama ndogo kabisa, zimemkubali msimulizi huyo hata akawa sehemu ya kazi yenyewe: katika Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 sauti ya msimulizi haikomi.

Stendi iliyopotea mtoni

Mbinu ya kushika kamera mkononi ina hekaya yake ya asili, na kwa bahati hekaya hiyo ni ya kweli. Mfaransa Jean Rouch aliposafiri na wenzake wawili kuufuata Mto Niger mwaka 1946 na 1947, alikuwa na kamera kuukuu ya Bell & Howell aliyoinunua katika soko la vitu vikuukuu jijini Paris. Stendi yake ilipotea majini mapema safarini, hata ikambidi aendelee kwa mikono. Alichokigundua kwa dhiki alikuja kukifanya kanuni, na mwaka 1971, kijijini Simiri nchini Niger, alipiga filamu ya Tourou et Bitti takribani yote kwa picha moja ndefu isiyokatwa, akitembea katikati ya wapiga ngoma na wachezaji.

Hata hivyo, kamera ya Rouch ya 1946 isingeweza kunasa mazungumzo, na hapo ndipo wengi wanaosimulia hekaya hiyo wanaporuka hatua. Kamera za aina ile zilitiwa ufunguo kama saa ya ukutani. Bolex, kwa mfano, ikitiwa ufunguo kamili huenda kwa nusu dakika tu au pungufu, kisha husimama. Nusu dakika haitoshi kwa maamkizi ya watu wazima katika jamii yoyote ya Afrika Mashariki. Mtu atakuwa amekwisha kuulizwa habari za nyumbani, hajafikia za watoto wala za mifugo, na ukanda umekatika. Fauka ya hayo kamera hizo zilikuwa na mlio mkubwa, na hazikuwa na njia ya kwenda sambamba na kinasa sauti.

Vifaa vitatu vilibadilisha hali hiyo. Cha kwanza ni kinasa sauti cha Nagra III, alichokiunda Stefan Kudelski mwishoni mwa miaka ya 1950, chenye uzito ambao mtu mmoja anaweza kuubeba. Cha pili ni kamera ya Kifaransa ya Eclair, ambayo sampuli yake ya mwanzo ilijaribiwa Paris mwaka 1960 katika filamu ya Rouch na Edgar Morin, Chronique d'un été. Aina ya NPR iliyofuata mwaka 1963 ilikuwa kimya kiasi, na kasha lake la filamu liliketi begani. Cha tatu ni filamu nyepesi ya kupokea mwanga, iliyowezesha kupiga picha kivulini bila taa. Kasha la futi 400 za milimita 16 hudumu dakika 11. Kutoka nusu dakika hadi dakika 11 si suala la urefu tu. Ndani ya dakika 11 mtu huweza kuanza hoja, akakatizwa, akaitetea, akacheka na kuirudia. Sarufi ya mazungumzo, kwa maana ya namna watu wanavyopokezana maneno, iliingia katika filamu kwa mara ya kwanza.

Ustadi wa kuishika kamera hiyo haukuwa wa kubahatisha kama wanafunzi wa leo wanavyodhani wanapozitikisa simu zao ili picha ionekane ya kweli. Rouch alikiri deni lake kwa Michel Brault, Mkanada aliyeletwa Paris kuonyesha namna ya kutembea na kamera. Magoti hulegezwa, viwiko hukazwa ubavuni, na hatua hutelezeshwa kama za mtu aliyejitwika mtungi uliojaa. Lenzi pana ndiyo hutumika, kwa sababu lenzi ya kuvuta vitu vya mbali hukuza kila mtikisiko wa mkono. Lakini lenzi pana ina masharti yake: ili uso wa msemaji uonekane vizuri, mpigapicha lazima amkaribie. Hawezi kujificha. Ukaribu huohuo ndio unaokiweka kipaza sauti mahali kinapoweza kunasa irabu na toni, si kelele tu za mkutano. Kwa hiyo ubora wa sauti ambao mwanaisimu anauhitaji ulitokana na udhaifu wa lenzi, na si na nia njema ya mtu yeyote.

Wanafunzi wa Los Angeles

Mwaka 1966 Colin Young, mkuu wa masomo ya filamu katika chuo hicho cha Los Angeles, alianzisha pamoja na mwanaanthropolojia Walter Goldschmidt mpango wa kuwafunza watengenezaji wa filamu na wanaanthropolojia kwa pamoja. Goldschmidt alikuwa akiifahamu Uganda ya mashariki, kwani alikuwa amefanya utafiti kwa Wasebei katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miongoni mwa waliotoka katika mazingira hayo ya mafunzo ni Richard Hawkins, David MacDougall na mkewe Judith, ambao walifika Uganda mwaka 1968. Mgawanyo wa kazi wa mume na mke hao ulikuwa wa watu wawili tu: David akishika kamera, Judith akinasa sauti. Hapakuwa na taa, wala waigizaji, wala maandiko ya kufuatwa.

Kutoka katika kazi hiyo kwa Wajie zilitokea filamu tatu za rangi nyeusi na nyeupe. Nawi, ya mwaka 1970, inahusu kuhamia kambi za mifugo wakati wa kiangazi. Under the Men's Tree, fupi kuliko zote, inaonyesha wanaume waliokaa chini ya mti wakifanya kazi za ngozi huku wakizungumza, na mazungumzo yao yanafika kwenye gari, kitu ambacho Mzungu hatengani nacho. To Live with Herds, yenye urefu wa zaidi ya saa moja, ilikamilika baadaye na ikatunukiwa tuzo ya Venezia Genti katika tamasha la Venice mwaka 1972. Filamu hiyo imegawanywa katika sehemu tano, kuanzia ya uwiano wa maisha ya ufugaji, kupitia ile ihusuyo taifa jipya na madai yake kwa wafugaji, hadi ya mwisho iitwayo News from Home, ambamo mzee Logoth anakwenda kambini kwa mifugo yake.

Hawkins, kwa upande wake, alishughulikia imbalu, jando la Wagisu linalofanywa kila mwaka wa tarakimu shufwa. Filamu hiyo ilitolewa mwaka 1988 kwa ushirikiano na mwanaanthropolojia Suzette Heald. Kwa yeyote aliyeona jando la Wabukusu au la Wagisu, ni dhahiri kwamba stendi isingefaa kitu pale. Vijana hucheza njiani mchana kutwa, wakikimbia kutoka kwa jamaa hadi kwa jamaa, na umati huenda nao.

Inafaa kusemwa wazi kwamba wanafunzi hao hawakuitupa stendi kabisa, na mtikisiko haukuwa shabaha yao. Shabaha ilikuwa kukaa. Jambo linaloshangaza katika Under the Men's Tree ni utulivu wake. Kamera iko chini, kwa kimo cha mtu aliyeketi, na hairuki kutoka uso hadi uso kila mtu anapofungua kinywa. Anayesikiliza huachiwa nafasi sawa na anayesema. Kwa mwanaisimu huo ni ushahidi usiopatikana katika kinasa sauti peke yake: nani alitazamwa wakati neno fulani linatamkwa, nani alinyamaza kwa heshima, na nani alinyamaza kwa kutokubali.

David MacDougall mwenyewe alieleza fikra hii katika makala mbili zinazostahili kusomwa katika idara za lugha. Ya kwanza, ya mwaka 1975, iliikosoa filamu ya kutazama tu, ambayo mwalimu wake Young aliitetea katika kitabu hichohicho, kwa madai kwamba mpigapicha anayejifanya hayupo huwanyima watu wanaopigwa picha nafasi ya kusema naye. Ya pili, ya mwaka 1982, ilihusu kamera isiyo na upendeleo, yaani kamera inayokaa mahali ambapo mgeni wa kawaida angeweza kukaa. Filamu za kubuni huiweka kamera popote, hata mahali ambapo hakuna binadamu angeweza kuwapo. MacDougall alitoa hoja kwamba uhuru huo unaitenga kamera na watu wanaopigwa picha, na kwamba yeye na mkewe walianza kulitambua hilo walipokuwa wakihariri kazi zao za Uganda. Linganisho na isimu linakuja lenyewe. Mtafiti anayekusanya sentensi kwa hojaji, akimuuliza mtoa habari mmoja mmoja katika chumba kilichofungwa, naye amejiweka mahali ambapo hakuna mzungumzaji wa kawaida hukaa.

Tafsiri iliyoandikwa chini ya picha

Watu waliporuhusiwa kusema kwa urefu, palizuka tatizo ambalo Sellers hakuwa nalo: watazamaji wa mbali watafahamu vipi? Desturi ya wakati huo ilikuwa kumweka msimulizi wa Kiingereza juu ya sauti za wenyeji, zikafifizwa mpaka zikawa kama mvumo wa nyuki. To Live with Herds ni miongoni mwa filamu za mwanzo za kianthropolojia zilizochukua njia nyingine, ya kuiacha sauti ya Kijie isikike nzima na kuiandika tafsiri chini ya picha. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida hata halitajwi. Mwaka 1968 lilikuwa uamuzi wa kimsingi kuhusu hadhi ya lugha, kwa sababu mfugaji wa Kotido alikuja kuonekana Ulaya na Marekani akiwa mtu mwenye hoja na mzaha, baada ya miongo mitatu ya filamu ambamo mtu kama yeye alikuwa na kinywa kisicho na sauti.

Pamoja na sifa hiyo, tafsiri ya namna hiyo ina ubahili wake. Mstari mmoja au miwili ya maandishi haina nafasi ya kurudia, na hotuba ya wafugaji hujengwa kwa kurudia. Viambishi vya jinsia vinavyomtambulisha mtu au ng'ombe hupotea. Majina ya rangi za ng'ombe, ambayo katika lugha za Ateker ni msamiati mpana unaoingia hata katika majina ya watu, hugeuka kuwa maneno mawili matatu ya Kiingereza. Hakuna lawama hapo kwa watengenezaji. Mtu mmoja hawezi kusoma kamusi katika sekunde nne. Lakini ni kosa kwa wanaisimu kuyachukulia maandishi hayo ya chini kama ndiyo maneno ya filamu.

Baada ya 1968 njia ya wanafunzi hao ilifika Kenya. Uganda iliingia chini ya utawala wa kijeshi mnamo Januari 1971, na kazi iliyofuata ya mume na mke hao katika lugha za Ateker ilifanyika kwa Waturkana mwaka 1973 na 1974. Humo zilitoka filamu tatu zinazojulikana kwa pamoja kama mazungumzo ya Kiturkana: The Wedding Camels ya 1977, Lorang's Way ya 1979 na A Wife Among Wives ya 1981. Hapo hawakuwa wanafunzi tena, na maswali yao yanasikika ndani ya filamu, kulingana na hoja ya 1975. The Wedding Camels, inayohusu kujadiliana mahari ya Akai, binti wa Lorang, ni somo zima la usemi wa kidiplomasia: jinsi mtu anavyokataa pasipo kukataa, na jinsi idadi ya ngamia inavyotajwa kwa kuzungukwa.

Kwa jumla, basi, kuna saa kadhaa za mazungumzo ya Kijie na Kiturkana, yaliyonaswa sambamba na picha baina ya 1968 na 1974. Sehemu iliyoingia katika filamu zilizotolewa imetafsiriwa kwa Kiingereza. Kazi ambayo idara za lugha za Afrika Mashariki zingeweza kuifanya ni kuyaandika mazungumzo hayo neno kwa neno katika lugha zenyewe, pamoja na toni, na kuyaweka sambamba na Kiteso na Kiswahili. Gharama yake ni ndogo kuliko ya safari moja ya utafiti. Wanaohitajika ni wasikilizaji, nao wapo. Mwanafunzi wa Kiteso aliyetoka Kocholia au Amagoro atahitaji msaada wa mzungumzaji wa Kijie, lakini hataanza na mikono mitupu, na tofauti atakazokwama nazo ndizo hasa zitakazomfaa mtaalamu wa isimu linganishi. Kadhalika Mbukusu aliyezaliwa karibu na Malaba anaweza kuyakagua maneno ya imbalu, na kuonyesha mahali ambapo wimbo wa Kigisu na wa Kibukusu unaachana.

Suala hili lina haraka kuliko linavyoonekana. Wengi wa waliopigwa picha wakiwa watu wazima mwaka 1968 huenda hawapo tena kuulizwa walimaanisha nini, na msamiati wa kambi za ng'ombe unapungukiwa na watumiaji kila ufugaji wa kuhama unapobanwa. Kwa Wateso wa Kenya, waliokwisha kuwa wakulima zamani na ambao watoto wao shuleni husoma Kiswahili na Kiingereza, baadhi ya maneno ya Kijie yanaweza kuwa ndiyo kioo cha maneno yaliyokuwa yao.

Pa kuanzia pangekuwa mwisho wa To Live with Herds. Logoth anafika kambini, na filamu inamalizika kwa maamkizi marefu, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, huku kamera ikiwa karibu na bila papara. Kamera ya kutiwa ufunguo ingeyakata kabla hayajakolea, na msimulizi wa London angeyaruka kwa kuyaona hayana habari. Maandishi ya chini hutoa maana ya kila swali na jibu. Hayaonyeshi kwamba jibu huanza kabla swali halijaisha, wala ni silabi gani ya muulizaji inayodakwa na mjibuji; na hayo mawili mtu wa Kocholia anaweza kuyaeleza kwa kusikiliza mara moja, maadamu naye ameamkiwa hivyo tangu utoto.